Bucha ya Barabara ya 14

Wameibomoa. Nilipita Ngamiani mwezi uliopita nikakuta mabati yamelazwa chini, fundi anachanganya zege. Panajengwa duka la simu. Mjukuu wangu akashangaa nimesimama. Nikamwambia hapa ndipo alipoponea Popi.

"Popi nani?"

Mbwa.

Akacheka. "Babu, mbwa anatibiwa buchani?"

Ilikuwa 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi. Dada yangu anabisha, eti vuli ilikuwa imeshaanza, labda hata 1984. Yaishe. Jirani alihama usiku, akafunga geti, mbwa akabaki uani na mnyororo wake. Tulimsikia siku mbili tatu, kisha kimya, tukadhani kachukuliwa. Tulipoparamia ukuta tulimkuta mbavu zinahesabika, na waya aliovishwa shingoni umezama kwenye nyama, funza tele.

Tuliukata kwa plaizi ya fundi baiskeli. Bibi akasema, "Uani tu, na chombo chake kisikaribie vyangu." Kidonda tulikiosha kwa maji ya chumvi. Mtu akaleta kopo la oili chafu ampake, maana ndiyo iliyokuwa dawa ya ukurutu wa mbwa mji mzima, bibi akamfukuza. Mbwa hujilamba, na oili ni sumu.

Ila mjuzi alikuwa mzee wa bucha. Yeye mwenyewe hakumgusa Popi hata siku moja. Kanzu yake ya swala ilining'inia msumarini, mbali na gogo la kukatia nyama. Pale palinuka damu, maranda ya sakafuni, na ubani aliouchoma kufukuza nzi. Hadi leo nikisikia ubani namkumbuka mbwa, jambo nisilothubutu kulisema msikitini. Siku ya kwanza nilimwomba nyama nyingi. Akanifungia kipande cha pafu kwenye gazeti. "Tumbo lililolala njaa usilishtue. Mpe kidogo, kisha kidogo tena."

Akaniambia pia nisimkodolee mbwa macho. Basi nikawa nakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, nimempa ubavu, nasoma gazeti lenye damu. Wiki ya tatu akaja kuninusa kisigino.

Ufagio lakini hakuuzoea. Mtu akiuinua tu, anajikojolea. Hata aliponenepa na kutisha wezi, bibi, yule yule wa vyombo, alikuwa akiupitisha ufagio uani ameuficha ndani ya khanga.

Popi akafa, bibi akafuata, bucha ikapata friji na kioo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ikatungwa 2008. Sijamsikia mtu akiitaja mtaani. Siku hizi wananunua mbwa wa kizungu kwa bei ya ng'ombe, wanapiga naye picha, akikua anafungwa juani.

Mjukuu wangu anaye mmoja. Mnyororo wake haufiki kivulini.

Jioni ile nilimsogezea maji, nikapindua ndoo, nikakaa nimempa ubavu.

"Babu, unamsubiri nani?"

Nikamwomba gazeti.