Sukari Iliyowaka

Mama mmoja wa Kizanzibari aishiye Muscat aliacha sukari siku ile ile alipoambiwa ana saratani ya titi. Tende alizisogeza upande wa wageni, na halua iliyoletwa na dada zake ikagawiwa majirani. Mpwa wake alikuwa amemtumia ujumbe kwa simu: sukari ndiyo chakula cha saratani; ukiinyima, itakufa.

Kauli hiyo ina asili yake, na asili yenyewe ni Berlin. Katika miaka ya 1920, Otto Warburg alipima vipande vyembamba vya uvimbe akaona kuwa seli za saratani humeza glukosi kwa pupa na kuigeuza asidi ya lakti, hata penye oksijeni ya kutosha. Ni ajabu, kwani glukosi ikiunguzwa kikamilifu kwa oksijeni huipa seli nishati mara nyingi zaidi kuliko inapochachuka. Warburg akahitimisha kwamba mitambo ya upumuaji ya seli imeharibika, na hakuiacha rai hiyo hadi alipofariki mwaka 1970. Alikosea: katika saratani nyingi mitambo hiyo ingali inafanya kazi. Seli inayogawanyika bila kikomo haitafuti nishati pekee. Yataka pia malighafi ya kujengea utando, protini na vinasaba, na sehemu ya malighafi hiyo hutoka katika glukosi.

Siku ya kupigwa picha ya PET, mama alifunga tangu alfajiri, kisha akadungwa kitu asichokitarajia: sukari, iliyotiwa chembe ya mnururisho. Seli huipokea kama glukosi, huibandika fosfati, kisha hushindwa kuendelea nayo; hubaki mle ndani ikiwaka. Kwenye picha titi liling'aa. Ubongo uling'aa zaidi.

"Na huku nako imefika?" aliuliza.

Daktari akamweleza kuwa ubongo mzima hula sukari kila saa, na kwamba mtu asipoila, ini humtengenezea. Damu haikauki sukari kwa kunyimwa tende. Kilichomtia daktari wasiwasi ni mizani: mama alikuwa amepungua kilo 6, na dawa kali zilikuwa bado hazijaanza.

Jioni ile alikula wali kwa samaki, na tende 3. Chai aliendelea kuinywa bila sukari, alisema ameshaizoea.