Neno "Wanaamini" katika Daftari la Chiungutwa

Katika kata ya Chiungutwa, wilayani Masasi, yupo mwalimu mstaafu ambaye barazani pake hapakosi daftari la mtu. Wanafunzi wa sekondari humpelekea insha zao kabla ya kuzikabidhi shuleni, naye huzisoma polepole, kalamu ya risasi mkononi, kwani kalamu nyekundu aliiaga siku aliyostaafu. Mwaka mmoja, msimu wa korosho ukiwa umemalizika na magunia yamekwisha kwenda ghalani, alijiwa na mpwa wake, binti wa kidato cha nne. Kwa Wamakonde, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, mjomba si mtu wa kupelekewa jambo ovyo. Binti aliamkia, akaitikiwa, akakaa mkekani, ndipo akatoa insha yake juu ya asili ya Wamakonde.

Insha ilikuwa safi: hati ya kusomeka, aya zimepangika, mambo yamefuatana. Ila mwalimu alipoimaliza alirudi mwanzo, akawa anapiga mstari chini ya neno moja kila alipolikuta. Neno lenyewe ni "wanaamini". Wamakonde wanaamini kwamba mtu wa kwanza alitoka porini. Wanaamini kwamba alichonga mwanamke kwa mti. Wanaamini kwamba maiti azikwe wima. Wanaamini kwamba si vyema kujenga karibu na mto. Mistari ikafika kumi na mmoja.

"Mjomba, nimekosea kuandika?"

"Kuandika hukukosea. Umekosea kusoma."

Alichokisoma binti ni kurasa chache za fotokopi zilizokwisha kufifia kwa kupita mikono mingi. Asili yake ni kitabu cha Karl Weule, Mjerumani wa Leipzig, aliyefika Lindi mwaka 1906, akaingia bara kupitia Masasi hadi Newala, akikusanya vinyago, akinasa nyimbo kwa santuri, na kuandika kila alichoambiwa na kila alichokidhani. Kitabu kilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1908, na mwaka uliofuata kikatoka kwa Kiingereza, mfasiri akiwa Alice Werner, yule yule ambaye wapenzi wa tenzi wanamjua kwa kazi yake juu ya ushairi wa Kiswahili. Kwa hiyo hadithi iliyosimuliwa juu ya uwanda wa Makonde iliingia Kijerumani, ikatoka Kiingereza, na sasa ilikuwa imerudi Chiungutwa kwa Kiswahili cha mtoto wa kidato cha nne. Hakuna ajabu ikiwa njiani ilipoteza kitu.

Hadithi yenyewe, kwa ufupi, ni hii. Palikuwa na pori tupu huko Mahuta, upande wa uwanda unaoelekea mto Ruvuma. Porini akatoka mtu asiyeoga wala kunyoa, mwenye kula na kunywa kidogo. Akachonga sanamu ya mtu kwa mti, akaisimamisha wima kwake, na usiku ikawa mwanamke hai. Wakashuka pamoja Ruvuma kuoga, na huko mwanamke akajifungua mtoto mfu. Wakahama, wakavuka hadi bonde la Mbemkuru; mtoto wa pili naye akazaliwa mfu. Wakarudi juu, Mahuta, na wa tatu akaishi. Yule baba akawaachia wanawe amri: wafu wao wawazike wima, kwa kumkumbuka mama aliyepata uhai akiwa amesimama, na wasijenge mabondeni wala kando ya mito mikubwa, kwani huko kuna maradhi na mauti. Nyumba ziwe mwendo wa saa moja kutoka kwenye maji.

Mwalimu alimtaka binti aifunge ile fotokopi na aisimulie hadithi upya kwa mdomo, kama angemsimulia mdogo wake. Akasimulia. Na hapo kitenzi kikaanza kufichua kile ambacho "wanaamini" lilikuwa limekifunika. Mtu alitoka, alichonga, alisimamisha: hii ni "li", wakati uliopita, tukio linalodaiwa kutokea mara moja mahali fulani. Bondeni huua watoto: hii ni "hu", jambo linalodaiwa kuwa ndivyo lilivyo siku zote, jana na kesho. Wasijenge, wawazike: hapa hakuna habari yoyote inayotolewa, ni amri. Na ule uhai wa mtoto wa tatu, unaosimuliwa kama malipo ya kurudi nyumbani, umebeba hukumu isiyotamkwa, kwamba juu ni kwema kuliko chini. Kiswahili kimeziweka alama hizi ndani ya kitenzi chenyewe. Anayeandika "wanaamini kwamba" kila mara huzibandua alama zote na kuacha sentensi za sura moja, kama vikombe vya seti.

Wasomaji wa pwani hawapaswi kumcheka binti. Wao wamelelewa na Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka 1858 na mama kwa ajili ya binti yake, na hakuna anayeufungua akauliza mambo hayo yalitokea lini. Wasia haujibu swali la lini. Lakini mpe msomaji huyo huyo utenzi wa vita, mathalan ule wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, aone anavyoteleza. Vina havibagui. Jina la mahali, dua, lawama na habari ya risasi vyote hupangwa kwa mizani ile ile, na sikio likisharidhika, akili nayo hujiona imeridhika.

Neno "dai" lenyewe lingeweza kusaidia, kama lisingalitumiwa kiholela. Kwa asili ya matumizi yake ni neno la deni na la baraza la kadhi. Mdai husimama, mdaiwa husimama, na kadhi humwuliza mdai ushahidi kabla ya kumgeukia mwenzake. Tena ushahidi wenyewe haufanani: anayedai fedha huulizwa hati au mashahidi, anayedai kuonewa huulizwa sheria au mazoea yaliyovunjwa. Kadhi ambaye angetaka hati kwa kila shauri, au asitake kwa lolote, asingekaa barazani wiki mbili. Msomaji ni kadhi huyo, isipokuwa wengi hutoa hukumu shauri moja tu lililo wazi likisikilizwa, kisha hukumu hiyo wakaitandaza juu ya mashauri yote. Ndivyo ilivyokuwa kwa insha ile. Mwanamke aliyetokana na mti hakukubalika kuwa tukio, basi mto nao ukahukumiwa pamoja naye.

Mwalimu aliupinga uamuzi huo kwa jambo la kidaktari. Mwaka 1897 Ronald Ross alionyesha kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu, na mbu huzaliana majini. Mbu wengi hawaendi mbali sana na mazalio yao. Mwendo wa saa moja kwa miguu, yaani kilomita nne au tano, ni umbali wa kutosha kuwapunguza sana. Weule alipoandika hadithi ile, ugunduzi wa Ross ulikuwa na miaka tisa, na Wazungu walikuwa wakijifunza kujenga mbali na madimbwi kama elimu mpya. Wazee wa uwandani walikuwa na amri hiyo tayari. Sababu waliyoitoa haikuwa kamili, kwa kuwa maji yenyewe hayaui, lakini amri ilikuwa sahihi. Sababu pungufu inaweza kuzaa amri njema, na msomaji anayezichanganya huitupa amri pamoja na sababu yake.

Wala shauri la sababu halikuishia hapo, na mwalimu, kwa haki, alimwonyesha binti upande wa pili. Inawezekana watu walipanda uwandani kwa kukimbia zaidi kuliko kwa kuogopa maradhi. Karne ya 19 nchi hii ilijaa wasaka watumwa na wavamizi. Masasi penyewe, ambapo Askofu Edward Steere aliwaacha watumwa waliokombolewa aliotoka nao Unguja mwaka 1876, palishambuliwa na Wangoni mwaka 1882. Kichaka kizito cha Mahuta kilikuwa ngome. Huenda amri ilikuja kwanza kwa hofu ya mikuki, hadithi ya watoto wafu ikafuata kuipa heshima. Hilo nalo ni dai, la mwanahistoria safari hii, na lina ushahidi wake wa kutafutwa: tarehe, njia za misafara, makaburi. Kulipa jina la "ukweli" kwa sababu limetoka chuoni, na la pili kuliita "imani" kwa sababu limetoka kwa bibi, huo si usomaji.

Binti aliuliza, na lilikuwa swali zuri kuliko insha: je, basi na maji ya Kinjikitile tuyasome hivyo?

Mwalimu alinyamaza kidogo. Katika nchi ya Masasi swali hilo halina masafa. Kinjikitile Ngwale alianza kutoa dawa yake ya maji huko Ngarambe mwaka 1904. Vita vikalipuka Umatumbi Julai 1905. Yeye akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti. Na mwezi huo huo wapiganaji wakaichoma misheni ya Masasi. Weule alipopita mwaka uliofuata, alipita juu ya majivu. Dai kwamba maji yangegeuza risasi kuwa maji lilikuwa dai la tukio, la kupimika siku hiyo hiyo, na waliolipima walilipima kwa miili yao. Lakini ndani ya ujumbe ule ule yalikuwamo madai ya namna nyingine: kwamba kulimishwa pamba kwa nguvu ni dhuluma, kwamba kodi ile si halali, kwamba makabila yaliyogawanyika yapaswa kuungana. Bunduki haikuwahi kuyakanusha hayo, kwa maana bunduki haina uwezo wa kukanusha dai la haki. Wasimamizi wa Kijerumani walipenda vita visomwe kama uchawi tu, na walikuwa na sababu: dhuluma hujibiwa, uchawi hucheka­wa. Hadithi ya uwandani, basi, ina tukio lisilosadikika na amri iliyookoa watoto. Ujumbe wa Ngarambe una haki isiyopingika na ahadi iliyoua watu.

Wangapi? Hapo mwalimu alifungua daftari lake mwenyewe. Hesabu ya serikali ya Wajerumani ilikuwa watu 75,000. Gilbert Gwassa, mwanahistoria Mtanzania aliyewahoji wazee walioshuhudia, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wakiwa wamekufa kwa njaa baada ya mashamba kuchomwa. Tofauti hiyo si ya mmoja kusema kweli na mwingine uongo. Kadirio ni dai la pekee, haliulizwi tu "ni kweli?" bali "nani amehesabiwa, na kifo gani kimekubaliwa kuwa cha vita?" Anayemwacha nje mtoto aliyekufa kwa njaa mwaka 1907 ameshatoa hukumu kabla ya kujumlisha.

Walikuwa bado kwenye hesabu hiyo pale bibi, dada mkubwa wa mama yake mwalimu, alipotoka uani. Alizaliwa juu, upande wa Newala, na usichana wake aliutumia kwenye njia ya maji, kwa sababu amri ya babu wa porini ililipwa na wanawake: kuondoka kabla ya alfajiri, kushuka bondeni, kungoja zamu kisimani, kupanda na mtungi kichwani jua likiwa limeshawaka. Mradi wa kusukuma maji kutoka mabondeni hadi juu ya uwanda ulianza miaka ya 1950, lakini mabomba hayakufika kila kijiji, na palipofika hayakutoa maji kila siku. Bibi alikuwa amesikiliza kwa muda.

"Hiyo saa moja," akasema, "aliyeipima nani?"

Mwalimu akaeleza kwamba ndivyo ilivyoandikwa.

"Aliyeipima hakubeba mtungi. Kushuka saa moja, sawa. Kupanda je? Mwandikie huyo mtoto: kupanda ni saa mbili, na ukiwa na mimba ni tatu."

Binti alimtazama mjomba wake kuona kama hilo liandikwe. Weule aliandika kipimo kimoja. Alice Werner akakifasiri kwa uaminifu. Kikafuta nusu ya safari. Ilikuwa habari ya kupimika kuliko zote zilizosemwa barazani siku hiyo, na shahidi wake alikuwapo, miguu yake ikiwa ushahidi.

Insha iliandikwa upya. "Wanaamini" limebaki mara mbili, kwenye mwanamke wa mti na kwenye sababu ya kuzika wima, na penginepo pameandikwa "wanasimulia", "waliamriwa", "yadhaniwa", "ilihesabiwa na". Saa mbili za kupanda zimo katika aya ya mwisho, na jina la bibi limeandikwa mbele yake, kama lilivyoandikwa la Weule.