Kalemie: Kimya cha simu si jibu

Kalemie, jimbo la Tanganyika. – Katika mitaa ya kando ya ziwa na katika kambi za wahami zinazozunguka mji, kila familia inajua mahali pake ambapo rezo inashika. Wengine wanapanda kilima, wengine wanasimama chini ya mwembe fulani, wengine wanangoja usiku watu wengi wawe wamelala. Simu ya intaneti imekuwa njia ambayo ndugu wanakutana. Wako waliokimbia vita vya mwaka 2016 na 2017 kati ya Wabatwa na Waluba, wakatoka Nyunzu, Manono na Kabalo. Baadhi yao walibaki Kalemie, na ndugu zao wakavuka mpaka hadi kambi ya Mantapala, Zambia. Wako pia waliofika kwa boti kutoka Uvira na Fizi mwanzoni mwa mwaka 2025, wakaacha wazazi nyuma.

Kupiga nchi ya nje kwa unite za kawaida kunamaliza franka haraka. Kwa mega mtu anaongea zaidi. Lakini simu hii ina ugonjwa wake: sauti inakawia. Unauliza, unasikia kimya. Unaanza tena kusema, na mwenzako naye anasema wakati huohuo. Wote wawili mnanyamaza, kisha mnaanza tena pamoja. "Alo? Unanisikia? Alo?" Mega zinaisha kabla neno lenyewe halijasemwa.

Wengi wanaona jambo hilo ni usumbufu tu. Katika familia moja iliyotoka upande wa Nyunzu, usumbufu huo ulileta ugomvi wa wiki tatu. Baba yao, mzee ambaye anaishi na binti yake hapa Kalemie, alikuwa na ngiri iliyohitaji kupasuliwa. Binti alimpigia kaka yake mkubwa aliye Zambia. Aliweka simu kwenye spika ili mzee naye asikie.

"Yaya, wanataka pesa kabla ya kumpasua papa. Utaweza kusaidia?"

Kimya. Mama huyo alingoja, akamtazama baba yake, akaona haya. Akasema: "Basi, kama hutaki, sema tu."

Upande wa pili, kaka alikuwa amekwisha kujibu bila kusita: "Ndiyo, nitauza mahindi, lakini siwezi kutuma leo, ngoja Jumatatu." Jibu hilo lilifika Kalemie wakati dada anasema, na simu nyingi zikiwa kwenye spika hupunguza sauti inayoingia wakati mwenye simu anazungumza. Dada alisikia vipande viwili tu: "siwezi" na "leo". Kaka naye, kule Zambia, alisikia "kama hutaki" ikiingia katikati ya maneno yake, akaona amekatwa na kutukanwa mbele ya baba. Simu ikakatika. Dada hakupiga tena. Kaka naye alingoja aombwe msamaha. Mzee alikaa wiki tatu na maumivu yake, mpaka mpwa mmoja alipoleta ujumbe wa sauti ulioeleza kila kitu tangu mwanzo. Mzee alipasuliwa na yuko mzima. Wiki zile tatu hakuna wa kuzirudisha.

Katika habari hii hakuna aliyedanganya, wala hakuna aliyekataa. Ili kuona kosa lilikotoka, inafaa kujua sauti inavyosafiri.

Sauti ya simu ya intaneti haitiririki kama maji ya mto Lukuga. Programu inaikata vipande vidogo sana, na mara nyingi kila kipande kinabeba milisekunde 20. Yaani sekunde moja ya maneno inakuwa vipande 50. Wataalamu wanaviita pakiti. Kila pakiti ina namba yake na inasafiri peke yake. Zinatoka kwenye simu kwa mpangilio, lakini zinafika bila mpangilio: moja mapema, nyingine inachelewa, nyingine haifiki kabisa.

Kwenye rezo ya hewani jambo hili ni kubwa kuliko kwenye waya. Mnara mmoja unahudumia simu nyingi, nazo zinapeana zamu. Jioni, watu wakiwa wengi, zamu yako inakawia. Pakiti ikiharibika hewani kwa sababu ya umbali, kilima au ukuta, inarudiwa kutumwa, na zile za nyuma yake zinangoja. Ukitembea, simu yako inaweza kuhama kutoka mnara hadi mnara, na hapo kunakuwa na pengo. Mwenzako naye yuko kwenye rezo ya hewani, kwa hiyo matatizo hayo yanahesabiwa mara mbili. Tena, mahali ambapo mnara umeungwa kwa setilaiti ile ya mbali, iliyo kilomita kama 36.000 juu ya dunia, kupanda na kushuka tu kunakula karibu robo ya sekunde kwa kila upande.

Simu inafanya nini na pakiti zinazofika ovyo hivyo? Inafanya kama mwashi. Mtazame mwashi anayejenga nyumba ya matofali. Vijana wanamletea matofali, mmoja anakimbia, mwingine anapumzika njiani. Kama mwashi angetegemea tofali lililo mkononi mwa kijana, kila mara angesimama. Kwa hiyo anaweka rundo dogo karibu naye, na anajenga kwa mwendo mmoja akichukua kwenye rundo. Simu nayo inaweka rundo dogo la pakiti kabla ya kuzitoa sikioni. Rundo hilo linaitwa bafa. Pakiti zinangojana humo, zinapangwa kwa namba zake, ndipo unasikia maneno yaliyonyooka.

Rundo hilo lina bei, na bei yake ni muda. Likiwa dogo mno, linaisha na sauti inakatikakatika. Likiwa kubwa mno, sauti ni safi lakini inakuja imechelewa. Na tofali linalofika baada ya mwashi kupita mahali pake halina kazi tena: pakiti iliyochelewa kupita kiasi inatupwa. Simu za leo zinabadilisha ukubwa wa rundo zenyewe. Rezo ikichafuka, zinaliongeza. Ikitulia, zinalipunguza. Ndiyo maana wakati mwingine unasikia sauti ya ndugu yako ikivutwa kidogo, halafu inakimbia. Pakiti moja ikikosekana, simu inaziba tundu kwa kuiga sauti iliyotangulia. Zikikosekana nyingi mfululizo, unasikia sauti kama ya mashine, kisha kimya.

Kwa hiyo sehemu ya kukawia huko ni kazi ambayo simu inafanya kwa makusudi ili maneno yasipotee. Bila rundo lile, dada yule asingesikia hata hivyo vipande viwili.

Ugumu uko kwetu sisi binadamu. Utafiti juu ya lugha kumi za dunia, uliotolewa mwaka 2009, ulionyesha kwamba watu wakiongea ana kwa ana, mara nyingi nafasi kati ya swali na jibu ni kama sehemu mbili za kumi za sekunde. Tumezoea hivyo tangu utoto. Jibu likizidi muda huo, moyo unaanza kusema: anasita, anaficha, hataki. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, unashauri sauti isitumie zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili, na isipite 400. Simu yetu ya jioni inaweza kupita hapo.

Tufanye hesabu. Tuseme sauti inatumia nusu sekunde kwenda na nusu sekunde kurudi. Unauliza swali. Ndugu yako anajibu palepale. Wewe unasikia kimya cha sekunde nzima na zaidi. Yeye hakusikia kimya chochote. Kwake amejibu mara moja. Ukishindwa kungoja na kusema neno, neno lako linamfikia katikati ya jibu lake, naye anaona umemkata. Kila mmoja anajua hakika kwamba mwenzake ndiye mwenye makosa. Watafiti wa Ujerumani walichapisha mwaka 2014 matokeo yanayofanana na hayo: simu ikichelewesha sauti, watu hawalaumu simu, wanamwona mwenzao kuwa hana makini au hana urafiki.

Kwa familia iliyotawanyika, hilo si jambo dogo. Kwenye simu hizi ndipo watu wanaamua kama watarudi kijijini au la, nani alime shamba la marehemu, mtoto asome wapi, maiti izikwe wapi. Jambo la namna hiyo halifai kuamuliwa na kimya cha sekunde moja.

Dawa yake haihitaji simu mpya. Wazee wanaokumbuka foni, zile redio za mawasiliano zilizokuwa parokiani na kwa wafanyabiashara, wanaijua tayari. Kwenye foni mmoja alibonyeza kitufe akasema mpaka mwisho, akaachia, ndipo mwingine akaanza. Hakuna aliyeona dharau katika kungoja. Inafaa kuirudisha desturi hiyo.

Kubalianeni na ndugu yako neno moja la kumaliza, kwa mfano "nimemaliza". Usiseme kabla hujalisikia. Ukiuliza swali, hesabu polepole mpaka tatu kabla ya kufikiri lolote juu ya kimya. Uliza jambo moja kwa wakati mmoja. Majina, bei, tarehe na mahali vinarudiwa na anayesikia: "Umesema Jumatatu?" Kisha viandikwe kwa ujumbe, kwa sababu maandishi hayakatiki.

Wakati wa kuongea, simama mahali pamoja, nje au karibu na dirisha. Zima video. Wanaoshiriki Wi-Fi moja na wewe waache kwanza kupakua filamu. Kwenye WhatsApp, katika mipangilio ya hifadhi na data, kuna kitufe cha kutumia data kidogo wakati wa simu; kinasaidia rezo ikiwa dhaifu. Mambo mazito usiyaongee kwenye spika. Kama mzee anataka kusikia, mpe simu aweke sikioni, kisha aseme neno lake. Na ukisikia sauti yako mwenyewe inakurudia, usibadilishe simu yako: mara nyingi mwangwi huo unatoka upande wa mwenzako, sauti yako inatoka kwenye spika yake na kuingia tena katika maikrofoni yake. Mwombe apunguze sauti.

Jambo refu, au lenye uchungu, litume kwa ujumbe wa sauti. Ujumbe huo nao unakatwa pakiti, lakini hauna haraka: pakiti iliyopotea inatumwa tena mpaka zote zifike, ndipo unafunguka. Ni kama mwashi aliyengoja matofali yote ya nyumba kabla ya kuanza ukuta. Hakuna neno linalopotea, na msikilizaji anaweza kurudia mara mbili, mara tatu, hata mbele ya wazee wa familia. Simu ya moja kwa moja ibaki kwa salamu, kwa kusikia mtu anavyopumua na anavyocheka, na kwa maswali mafupi. Na penye hatari ya haraka, kama unite zipo, simu ya kawaida ni bora: kwenye rezo ya zamani ya 2G, mnara unaitengea sauti yako nafasi yake, haigombanii zamu na video za watu.

Zaidi ya yote, kama simu imekatika katikati ya neno zito, atakayepata rezo kwanza apige tena, awe mkubwa au mdogo. Mkisikia tena sauti za kila mmoja, aulize hivi kabla ya jambo lingine: "Neno la mwisho ulilosikia kwangu ni lipi?" Aliyeulizwa aseme alichosikia, si alichofikiri. Familia nyingi zitagundua hapo kwamba hazikuwa na ugomvi.