Mkimya Safarini: Kutoka Kitui Hadi Sultan Hamud

Mpenzi msomaji, kama wewe ni mtu wa maneno mengi, unayeingia kwenye matatu na kabla ya kufika Thika umeshajua majina ya watoto wa jirani yako, huenda makala haya yasikufae. Nayaandika kwa ajili ya yule mwingine. Yule anayekimbilia kiti cha dirishani. Yule anayeshuka kituo kimoja mbele kwa sababu ameona haya kumpigia makanga kelele. Mimi ni wa jamii hiyo. Shangazi yangu mmoja alipata kumwuliza mama, tena mbele yangu, kama niliwahi kupelekwa kwa daktari kutazamwa ulimi.

Hata hivyo, napenda kusafiri. Watu hushangaa wakisikia, kana kwamba barabara zilijengwa kwa ajili ya wachangamfu peke yao. Lakini nakiri kwamba vijana wakimya wanaotembelea miji ya kale ya Ulaya wana bahati kuliko sisi. Mtu akienda Florence au Prague hununua tiketi mlangoni, husoma kibao kilichobandikwa ukutani, huvaa kidude masikioni kikamweleza mambo ya miaka 500 iliyopita, kisha hurudi hotelini bila kumwamkua mtu. Ukuta umemsemea yote. Kwetu sehemu kubwa ya historia haiko ukutani. Iko vinywani mwa watu, na kinywa hakifunguliwi kwa tiketi, hufunguliwa kwa salamu.

Hapo ndipo penye mtihani, na kwangu mtihani huo ulikuwa na sehemu mbili. Mama yangu ni wa Kitui, baba ni wa Makueni, lakini mimi nimezaliwa na kulelewa Eastlands, Nairobi, na Kikamba changu hakijazi kikombe. Huko Ukambani, mtu mwenye jina kama langu akinyamaza, watu hawasemi kwamba ana haya. Husema anaringa.

Basi likizo ya Agosti nilifunga mkoba wangu, nikatia daftari na kalamu mbili, nikaaga. Nilitaka kuona miji ambayo wazazi wangu huitaja kila siku na ambayo nilikuwa nimeipita tu usiku, nikiwa nimelala, wakati wa mazishi na harusi.

Kitui ni mji mkongwe kuliko Nairobi. Husemwa kwamba jina lenyewe latokana na wahunzi, waliofua vyuma hapo tangu kale. Nilifika saa tano za asubuhi, nikazunguka sokoni, nikapita karibu na msikiti, nikaona ndengu za kila rangi na asali iliyotiwa katika chupa za soda. Nilikuwa nikitafuta kibao, jiwe au chochote kilichoandikwa jina la Kivoi. Sikukiona.

Mwishowe nilimpelekea fundi wa viatu kiatu changu kilichokuwa kimeanza kuachia soli. Msomaji, kama wewe ni mkimya mwenzangu, zingatia jambo hili: fundi wa viatu ni rafiki yako mkubwa katika mji wowote. Huwezi kuondoka, maana kiatu kiko mikononi mwake. Hulazimiki kusema neno, maana wewe ni mteja. Na kwenye benchi lake hakukosekani wazee wawili watatu wasio na kazi ya haraka. Nilikaa pale kama nusu saa nikisikiliza. Kisha mzee mmoja akanigeukia akaniuliza mimi ni wa nani. Nikataja jina la babu mzaa mama. Akauliza ukoo. Nikautaja. Basi ikawa kama mtu aliyegeuza ufunguo.

Kivoi, kama ulivyosoma shuleni, alikuwa mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, aliyeongoza misafara ya pembe za ndovu hadi Mombasa katikati ya karne ya 19. Johann Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka wa 1844, alikuja kumtembelea, na tarehe 3 Desemba 1849, akiwa huku huku Kitui, aliuona mlima wenye theluji, ncha zake zikiwa kama pembe mbili. Wakamba waliuita Kiinyaa, na kutokana na jina hilo nchi yetu ikapata kuitwa Kenya. Wasomi wengine wa Ulaya walikataa katakata kuamini kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta.

Hayo niliyajua. Nisilolijua ni jinsi wazee wa benchini walivyoyapima. Wao hawakusema kwamba Krapf aliuvumbua mlima. Walisema Kivoi alimwonyesha mgeni wake. Mzee alinyosha fimbo upande wa kaskazini magharibi, akasema asubuhi isiyo na mawingu hata yeye huuona, na hakuna aliyemwandika kitabuni. Wenzake wakacheka.

Mwaka wa 1851 Krapf alirudi, wakafunga safari pamoja kuelekea mto Tana. Njiani walivamiwa na Kivoi akauawa. Krapf alipotea nyikani peke yake, na alipoufikia mto alikuwa hana hata kibuyu. Akajaza maji katika mkoba wa ngozi wa darubini yake na ndani ya mitutu ya bunduki. Alipofika kwa watu, jamaa za Kivoi walitaka kujua ilikuwaje mgeni akapona na mwenyeji akafa. Akatoroka usiku. Mzee alipofika hapo alinyamaza kidogo, kisha akasema swali lile lilikuwa la haki. Niliandika maneno hayo katika daftari. Kiatu kilikuwa kimeshonwa zamani, lakini fundi hakukitoa.

Kuhusu mwamba wa Nzambani, ulioko kilomita chache kutoka mjini karibu na Chuluni, sitasema mengi kwa kuwa karibu kila mwanafunzi amepelekwa huko kwa basi la shule. Ni jiwe kubwa lililosimama peke yake, na ngazi za chuma zimewekwa ili watu wapande. Wengine husimulia habari za msichana aliyekalia jiwe dogo likaota naye, wengine husema ukiuzunguka mara saba utageuka, mwanamume awe mwanamke na mwanamke awe mwanamume. Mimi niliuzunguka mara moja nikatosheka.

Kutoka Kitui nilishika barabara ya Mutomo. Huko anaishi nyanya yangu mzaa mama, na hapa, mpenzi msomaji, ndipo nilipokuwa naogopa hasa. Nyanya hasemi Kiswahili isipokuwa maneno machache ya dukani. Kila alipokuja Nairobi tulikaa sebuleni tukitazamana, yeye akitabasamu, mimi nikitabasamu, mpaka mama atoke jikoni kutuokoa. Safari hii mama hakuwepo.

"Wakya," akaniamkia. "Aa," nikaitikia. Na akiba yangu ikawa imekwisha.

Alikuwa akikoboa mahindi ya muthokoi. Nilimtazama akiinua mchi, mikono yake imekonda, nikainuka nikauchukua. Mpenzi msomaji, sikujua kwamba nimefanya tukio. Kinu ni kazi ya wanawake. Nyanya alicheka mpaka akakaa chini. Jirani akaja kuona kinachochekesha, naye akamwita mwingine. Binamu yangu wa darasa la saba akatoka ndani, nikapata mkalimani. Nilitwanga vibaya, punje zikiruka, na kwa kuwa mkono ulikuwa na kazi hakuna aliyenidai maneno. Jioni, tukiupiga moto, nyanya mwenyewe ndiye aliyeanza kusema, na binamu akawa anafuata nyuma kwa Kiswahili chake cha shule.

Alisema habari za njaa kubwa ambayo Wakamba huiita Ngomanisye, ya miaka ya 1898 hadi 1900. Mvua zilikatika, na ng'ombe walikuwa wamekwisha kupukutishwa na sotoka miaka michache kabla. Ndui nayo ikaja. Wakati huohuo, ng'ambo ya mto Athi, reli ilikuwa ikijengwa na vibarua walioletwa kutoka India, zaidi ya 30,000 kwa jumla, na mchele wao ukipita kwa magari ya moshi katika nchi ya watu wenye njaa.

Nyanya wa nyanya yangu aliondoka na watoto watatu kwa miguu kuelekea upande wa mlima, kwa watu waliokuwa bado na chakula. Alirudi na mmoja. Mimi nilidhani wale wawili walikufa. Nyanya akatikisa kichwa. Hawakufa, alisema, waliachwa. Waliachwa katika boma moja ili wale, na mama yao akapewa mzigo wa chakula, kisha njaa ilipokwisha hakuwapata tena au hakuruhusiwa kuwachukua. Hapo binamu alisitasita, na nyanya hakurudia. Walikulia huko wakawa watu wa huko. "Kwa hiyo," binamu akatafsiri polepole, "nyanya anasema pale mlimani kuna watu wetu wasiojua kwamba ni wetu."

Nilimwuliza kwa nini mama hajanieleza. Akajibu kwamba mama hakuuliza, nao wengine walikuwa wakisema sana. Nyanya ana miaka zaidi ya themanini. Usiku ule niliandika kurasa sita, nikimwamsha binamu mara mbili kuuliza neno. Nilipompigia mama simu asubuhi, alikaa kimya kwa muda mrefu, na mama yangu si mtu wa kukaa kimya.

Siku ya tatu niliaga, nikapanda gari la kuelekea Ikutha, ambako wamishonari Walutheri wa Kijerumani walifika miaka ya 1890. Baada ya hapo barabara yaupanda uwanda wa Yatta. Kwa macho ni kilima kirefu kilichonyooka kama ukuta. Kumbe ni ujiuji wa volkeno ulioganda, wenye urefu wa kilomita 300 hivi, miongoni mwa mirefu zaidi duniani. Ukishuka wauvuka mto Athi na kuingia Makueni, nchi ya baba, iliyokuwa sehemu ya Machakos hadi mwaka wa 1992.

Kibwezi ina mibuyu iliyoona mengi. Waskoti walianzisha misheni yao hapa mwaka wa 1891, kando ya njia ya misafara, lakini malaria iliwatesa hata mwaka wa 1898 wakahamia Kikuyu. Wengi wetu twaijua misheni ile ya Kikuyu, tusijue kwamba ilizaliwa chini ya mibuyu hii. Nilikaa hapo kivulini saa nzima bila kusumbuliwa na mtu, nikala machungwa matatu. Hiyo nayo ni safari.

Lakini kama ningeulizwa ni wapi mkimya apumzike kati ya Nairobi na Mombasa, ningetaja Makindu. Masingasinga walijenga hekalu hapo mwaka wa 1926, na tangu enzi za reli msafiri yeyote, wa dini yoyote, hulishwa bila malipo. Unavua viatu, unafunika kichwa kwa kitambaa, unanawa, unakaa. Unapewa chapati, dengu na chai. Kulia kwangu aliketi dereva wa lori, kushoto familia ya Kihindi kutoka Mombasa, na hakuna aliyeniuliza mimi ni wa nani. Baada ya siku nne za kutaja ukoo, nilishangaa kuona nimeanza kulikosa swali hilo.

Sultan Hamud ndicho kituo changu cha mwisho. Jina hilo lilinikera tangu utotoni: Sultani gani alikuja kukaa kati ya Wakamba na Wamasai? Ni Hamoud bin Mohammed, aliyetawala Zanzibar kuanzia mwaka wa 1896 hadi 1902. Alikuja kutazama reli ilipofika hapo, na wajenzi wakakiita kituo kwa jina lake. Siku hizi abiria wa Mombasa hupita kwa reli ya kisasa iliyofunguliwa mwaka wa 2017, na treni hiyo haina haja na mji huu mdogo.

Nikisubiri matatu ya Nairobi nilinunua nyanya za kupeleka nyumbani kwa mama mmoja aliyekuwa amezipanga vizuri kando ya barabara. Hapakuwa na mteja mwingine. Nikamwamkia kwa Kikamba, akaitikia, nami nikamwuliza, mimi mwenyewe, bila ya fundi wala binamu, kama anajua mji wao umeitwa kwa jina la nani.

"Si yule Mwarabu aliyekuwa na duka?" akasema.

Nikamweleza. Nilianza na Unguja, nikaja kwenye reli, nikamweleza na njaa ya Ngomanisye, na habari za watoto waliobaki mlimani, nikichanganya Kikamba changu kibovu na Kiswahili. Alikuwa akifuta nyanya zake kwa upindo wa leso, akaacha. Alisema hata kwao kulikuwa na maneno kama hayo, bibi mmoja wa upande wa Kilungu, na akasogeza kiti akaanza kunihadithia. Makanga akafika akipiga kelele, "Nairobi, Nairobi!" Nilimwashiria aende. Ningepanda la nyuma yake.