Dhahabu ya Baba

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwetu Sosiot kibaya kilijitembeza hadi mlangoni, tena msimu wa bonasi ya majani chai.

Mgeni yule alimwambia baba kwamba ametoka Kakamega. Jina hilo lilitosha. Nani asiyejua kwamba dhahabu iligunduliwa huko mwaka wa 1931, watu wakamiminika kuitafuta? Akafungua kitambaa, akatoa jiwe la manjano lililometameta. "Mzee, ni shida tu inayonifanya niliuze," akasema. Baba akampa bonasi yote, karo yangu ikiwa humo.

Wiki iliyofuata tulimpelekea mwalimu wetu wa kemia. Alilipiga nyundo mara moja tu, likavunjika vipande na kutoa harufu ya kiberiti. "Dhahabu haivunjiki, mzee. Hubonyea," akasema kwa upole. Jiwe lile lilikuwa pairiti, madini ya chuma na salfa ambayo wengi huyaita dhahabu ya wajinga.

Nawe msomaji, ukiletewa jiwe kama hilo, lisugue nyuma ya kigae cheupe, upande usiong'arishwa. Pairiti huacha alama nyeusi yenye ukijani. Dhahabu huacha alama ya manjano. Kisha likwaruze kwa kisu. Dhahabu ni laini, hukwaruzika upesi. Pairiti ni ngumu.

Hata hivyo, tusiyatukane madini haya bure. Jina lake limetokana na neno la Kigiriki la moto, kwani yakigongwa kwa chuma hutoa cheche. Kwa miaka mingi viwanda viliyachoma ili kupata asidi ya salfuriki, itumiwayo kutengeneza mbolea. Jiwe halikumdanganya baba; aliyemdanganya ni mtu.

Baba alikifunga kipande kimoja kwa leso, akakificha sandukuni. Hakulitaja jambo hilo tena. Nami nilikaa nyumbani muhula mzima nikichuma majani chai kando yake, nisithubutu kumuuliza.

Alipofariki, tulilifungua sanduku. Pairiti ikipata hewa na unyevu huoza, ikatoa asidi, na mvua za Sosiot hazina uhaba wa unyevu. Leso ilikuwa imelika na kutoboka.

Laiti tungalizungumza siku ile! Msomaji, ukitapeliwa, waambie watoto wako. Hasara ya fedha sisi tuliilipa kwa muhula mmoja. Kile kimya kilidumu hadi kaburini.