Nambari 8 Si Nambari 8

Nimekuwa kimya majuma mawili na sababu ni samaki. Ndiyo, samaki! Mimi ambaye sijawahi kushika mshipi maishani nilipewa kazi na duka moja la ng'ambo linalouza vifaa vya kuvulia samoni. Walitaka programu ndogo: mnunuzi achague fimbo, kompyuta imwambie mshipi wa uzito gani unaifaa. Nikaona hiyo ni kazi ya jioni moja, na kodi ya nyumba imepatikana.

Chambo chao ni nzi bandia wa manyoya, mwepesi mno. Hawezi kurushwa peke yake. Uzito wa mshipi ndio unaopinda fimbo na kumpeleka mbali. Fimbo hupewa nambari, na jedwali la Marekani nililolipata lilisema nambari 8 ni greni 210, karibu gramu 14, zikipimwa kwenye futi 30 za kwanza za mshipi. Nikaingiza, nikatuma.

Asubuhi nikakuta barua pepe fupi. Mjaribu wao alisimama mtoni na fimbo nambari 8 ya mikono miwili, na mshipi niliompendekezea ukamwangukia miguuni. Malipo yakasimamishwa.

Sikulala. Kumbe jedwali langu ni la fimbo za mkono mmoja, za futi 9 hivi! Huko Uskoti, kwenye mto Spey, kingo zina miti. Ukitupa mshipi nyuma unanasa matawini. Kwa hiyo tangu karne ya 19 wenyeji hurusha kwa mikono miwili, fimbo ya futi 15 au zaidi, na mshipi mrefu unaogusa maji kando ya mvuvi kisha kuruka mbele. Alexander Grant wa Inverness alitumia ya futi 21. Chumba changu hakifiki hapo.

Waskandinavia wakafupisha fimbo na mshipi. Göran Andersson wa Uswidi alifundisha kwamba mkono wa chini ndio ufanye kazi kubwa. Halafu kuna mto Skagit, jimbo la Washington, ambako wavuvi wa steelhead (huyu ni trauti yule yule wa mito ya Mlima Kenya, ila huenda baharini) walitaka kuzamisha nzi mzito wakati wa baridi. Miaka ya 1990 wakaja na mshipi mfupi, mnene, ambao kwa fimbo nambari 8 hupita greni 500.

Nami nilikuwa nimeweka safu moja tu kwenye hifadhidata! Nikafuta yote, nikaanza na swali: unarusha kwa mtindo gani, na kwa mikono mingapi?

Juzi mjaribu ameandika tena. Mshipi umevuka mto, samoni hakupata. Pesa ziliingia Ijumaa na mwenye nyumba ameshachukua zake.