Manyani wa Adili

Wazee wa Kilimatinde waliomaliza kisomo katikati ya miaka ya sabini walikuwa na shida moja: kusoma walijua, cha kusoma hawakuwa nacho. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, mtihani wa taifa ukafanyika 1975, na vijitabu vilivyobaki vijijini vilikuwa vya kulima pamba na kufuga kuku. Katikati, 1973, ilipita kampeni ya Mtu ni Afya, tukachimba vyoo. Babu yangu alisema waziwazi kwamba haoni kwa nini ateseke vile na a, e, i, o, u ili aje kusoma habari za choo.

Ndipo mjomba, aliyekuwa mhudumu wa wodi hospitalini, akaja na Adili na Nduguze. Kitabu chembamba, jalada limeng'oka, kurasa za mwisho zimeshonwa kwa uzi wa gunia. Shaaban Robert alikitoa 1952. Babu alifurahi kusikia kwamba mwandishi huyo, mtu wa Tanga, aliwahi kufanya kazi serikalini Mpwapwa. Kwake yeye Mpwapwa ni Ugogo, kwa hiyo kitabu kilikuwa cha nyumbani.

Msomaji nilikuwa mimi, kwa sababu ya koroboi. Macho ya wazee hayakuiweza herufi kwa mwanga ule wa moshi. Tuliketi mbele ya tembe baada ya ugali wa uwele na mlenda, majirani wakasogea na vigoda vyao, nami nikasoma habari za Ughaibu, nchi ya Mfalme Rai, na za Adili, liwali wake kule Janibu, ambaye kila usiku aliwachapa viboko manyani wawili, kisha akawabembeleza na kuwalisha. Manyani hao walikuwa ndugu zake wa tumbo moja, Hasidi na Mwivu. Walimtosa baharini kwa ajili ya mali na wivu, na jini aitwaye Huria, ambaye Adili alimwokoa zamani, akawageuza. Adili aliamriwa kuwachapa kila usiku, asipofanya hivyo kiama chake.

Mtu wa mjini leo angekiita kitabu hiki ndoto: majini wanafukuzana, mji mzima umegeuka mawe, binadamu wanavaa mikia. Kwetu kilisikilizwa kama kesi barazani. Kwanza, manyani tuliwajua. Sisi watoto wa Kilimatinde tulilinda mtama mchana kutwa, ndege kwelea kwelea wakitoka juu na manyani wakipanda kutoka kwenye miamba ya ukingo wa Bonde la Ufa, kule ambako nchi inaporomoka kuelekea mbuga za Bahi. Nyani akishatazama mara mbili akaona aliyeshika kombeo ni mtoto, haondoki. Kusikia kwamba mwizi wa mali ya nduguye kageuzwa nyani hakukumshangaza mtu hata mmoja. Mama mmoja aliuliza tu kama waliachiwa akili zao. Nikamjibu ndiyo. Akasema, "Hapo sawa. Bila akili, viboko vya nini?"

Pili, palikuwa na mzee Mnyaturu aliyeoa kwetu akabaki. Alikuwa kijana huko Singida mwaka 1946 na 1947, wakati wa mauaji ya simba-watu. Watu waliokotwa wakiwa wameraruliwa, na ilisemwa kwamba waliowaua ni binadamu waliovishwa ngozi za simba na kufugwa na wachawi, mwenye kisasi akija na malipo anakodishiwa. Wanyaturu waliwaita mbojo. Serikali ya Mwingereza ilikamata watu ikafungua kesi, na mwanaanthropolojia wa Marekani, Harold Schneider, aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1962 akiyapima upya maelezo ya mwanzo. Mzee wetu hakuwa na haja ya Schneider. Yeye alikuwa amekaa ndani tangu jua kuzama, mlango umekazwa kwa gogo, akimsikiliza baba yake akitaja kwa kunong'ona ni nani kijijini aliyegombana na nani.

Kwa hiyo nilipofika mahali ambapo Mfalme Rai anaingilia kati ili adhabu ya Huria iondolewe, mzee alicheka mpaka akakohoa. "Serikali inapatana na jini? Yetu ilileta askari na mahakimu, na bado tulilala na mikuki."

Babu akamwambia anyamaze mtoto asome. Akanyamaza, lakini hakuridhika, na siku tuliyomaliza alisimama kabisa. Katika mwisho wa Shaaban Robert, Hasidi na Mwivu wanarudishiwa ubinadamu, wanatubu, na udugu unaungana tena. Wengi walipiga makofi. Bibi alinipa karanga, akaniita mume wake msomi. Mzee Mnyaturu akasema huo si mwisho.

"Hao watarudia," alisema. "Aliyemtosa nduguye baharini alikuwa mnyama kabla ya jini kumgusa. Mkia ulikuja baadaye, ili ninyi mwone. Sasa mkia umetolewa, mnasema amepona?"

Ubishi ulichukua usiku mzima, wakaingia mpaka wajumbe wa nyumba kumi. Babu alishika upande wa toba, akitaja Mwana Mpotevu. Alikuwa mtu wa kanisani na aliamini watu wanabadilika, au tuseme alitaka kuamini. Mzee hakusogea hata inchi.

Miaka mingi baadaye, Dar es Salaam, nikasoma Alfu Lela Ulela iliyo kamili, tafsiri ya Kiingereza. Humo mna kisa cha Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra chini ya Harun al-Rashid, na hicho ndicho Shaaban Robert alichokichukua akakivika nguo za Kiswahili. Ndugu wa Abdallah waligeuzwa mbwa. Manyani ni wa kwetu. Khalifa anawaombea, wanarudi kuwa watu, wanapewa vyeo. Kisha wivu unawarudia, wanajaribu kumuua Abdallah. Shaaban Robert aliuona mwisho huo akaukataa, na ninadhani alikuwa na haki yake: hakuwa akitafsiri, alikuwa akiandika kwa ajili ya nchi ambayo alitaka iwe.

Mzee Mnyaturu alikuwa ameshazikwa. Bibi alikuwepo, haoni tena vizuri, nikamsimulia likizoni neno kwa neno mwisho ule wa Waarabu. Alisikiliza hadi ndugu walipomgeukia Abdallah wamuue, ndipo akanishika mkono.

"Na yule jini wake," akauliza, "siku hiyo alikuwa wapi?"